Kidole Kwanza, Bolti Baadaye

Fundi Simeoni wa Issuna hutengeneza mikokoteni ya ng'ombe, na hamvumilii mtu anayefunga bolti kabla ya kulipapasa tundu kwa kidole. Kidole kikigusa makali ya chuma, unapiga tupa kwanza mpaka palainike. Ukisahau, anakufokea kwa Kinyaturu, maana anasema Kiswahili hakina ukali wa kutosha. Binti yake Belinda alifokewa hivyo miaka yote kabla hajaenda chuo.

Sasa Belinda yuko Ulaya, kwenye kiwanda cha ndege. Juzi alikuja likizo, akamwonyesha baba yake video ya roboti. Ilitoboa bawa la ndege, ikajibadilisha yenyewe kichwa cha kutobolea, ikahamia kwenye bawa la ndege ya aina nyingine.

Simeoni alinuna. "Sasa wewe wamekuweka hapo ufanye nini?"

"Ikimaliza kutoboa, baba, mimi ndiye ninayepitisha kidole. Tundu likiwa na makali, hakuna bolti mpaka lirekebishwe."

Mzee aliweka tupa chini, uso umemchangamka.

"Na hilo liroboti likikosea, unalifokea?"

"Kila siku, baba. Kwa Kinyaturu."