Kwa Nini Babu Kiula Alimpiga Dereva

Gunia la alizeti likidondoshwa kutoka juu ya lori hutoa mlio mmoja mzito, puu, na mpaka leo nikiusikia shingo yangu inaingia mabegani kama ya kobe. Wenzangu wa kidato cha nne wananicheka. Najua na ninyi mtauliza, kijana wa miaka kumi na saba ana utoto gani wa kukumbuka, wakati mama yake anasema bado haujamtoka. Subirini. Mlio huo mimi niliujua kwanza kwenye taya la mtu.

Hapa kwetu Shelui, pale malori yanaposimama, Babu Kiula alikuwa akiuza kuku wa kienyeji. Mzee mrefu, pua imelala upande, sikio moja limejikunja kama chapati iliyoharibika. Zamani, nchi nzima ikisikiliza ngumi redioni, aligombea mkanda wa taifa kule Dar es Salaam na mtu wa Tanga aitwaye Saidi, akashindwa kwa pointi. Shelui ilikuwa na maelezo yake: Kiula alidhulumiwa, majaji walinunuliwa, Saidi mwizi. Tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma. Darasa la pili nilimng'oa mtoto mmoja jino kwa kusema Saidi alishinda kihalali, ingawa kusema kweli lile jino lilikuwa linakaribia kutoka lenyewe.

Siku yenyewe nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa mchana, jua la kuchoma kisogo, mama kanituma kuku kwa Babu. Dereva mmoja mnene, mchangamfu, akashuka kwenye lori lake na kumkazia macho.

"Shikamoo mzee. Wewe si Kiula wa ngumi?"

"Marahaba. Ndiye."

"Baba yangu alilia siku ile. Walikuibia, mzee wangu. Yule Saidi ni mwizi."

Babu akaweka kuku wake chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Hebu rudia."

"Mwizi," dereva akarudia huku anatabasamu, maana alidhani anampa zawadi.

Ngumi sikuiona. Nilisikia mlio, kisha nikaona meno mawili vumbini, safi kabisa, kama punje za mahindi. Dereva alikuwa bado amesimama, anayatazama kama mtu aliyedondosha ufunguo. Ya pili ikaingia ubavuni, akajikunja na kutapika chai yote ya asubuhi. Utingo wake akaja mbio na chuma cha jeki, akampasua Babu juu ya jicho. Damu ikamwagikia kuku mweupe akawa mwekundu. Babu hakuifuta. Alipiga hatua moja ndogo ya pembeni, ya adabu, kama bwana harusi anayepisha wageni, akamchapa utingo ya ini. Sikuwahi kuona mtu mzima analia bila sauti. Dereva alijaribu kuinuka, Babu akamwangusha. Akajaribu tena, akaangushwa tena, mpaka wanaume wanne wakamning'inia Babu mikononi. Mimi nilikuwa nimejikojolea.

Shelui ikatoa hukumu jioni ile ile: ngumi zimemharibu kichwa. Mtu anakutetea, unamng'oa meno? Wanawe wakamkataza kushuka barabarani. Akawa mtu wa kushinda uani, na watoto tukakatazwa kumsogelea. Mimi nililigeuza jambo lile kuwa maigizo shuleni. Nilikuwa Babu, nikawa dereva, nikawa hata yale meno. Nilishangiliwa sana.

Mwaka juzi akaanza kuumwa, mama akawa ananituma nimpelekee uji. Mikono ilikuwa inamtetemeka, kwa hiyo nilimlisha kwa kijiko. Na mdomo wangu haujui kutulia.

"Babu, yule dereva alikukosea nini hasa?"

"Alimtukana Saidi."

"Si alikuibia mkanda?"

Alinitazama mpaka kijiko kikasimama njiani.

"Raundi ya sita alinivunja mbavu mbili, nikazisikia zinavyolia. Raundi ya tisa nilidhani niko kijijini kwetu Ulemo nachunga mbuzi, namwita mama kwa Kinyiramba. Na yeye jicho limeziba, mkono umeteguka, anakuja tu. Alinipiga, mjukuu wangu. Nimewaambia watu hapa miaka yote, wanasema Kiula mpole, hapendi kulalamika." Akameza uji. "Sasa mkisema aliiba, mimi siku ile nilipigana na nani?"

Nikajaza kijiko kingine, nikakipeleka mdomoni mwake.

Tumemzika mwaka huu. Msomaji wa wasifu alipofika pale pa "mkanda aliodhulumiwa", nilisimama nikasema, "Hakudhulumiwa. Alipigwa." Watu wakaanza kucheka, maana wananijua. Baba yangu mdogo hakucheka. Kofi lake lilinionjesha damu. Nikarudia, "Alipigwa," akaniongeza la pili.

Utotoni niliamini dereva alileta wema akalipwa ngumi. Kumbe alikuja na shikamoo yake na tabasamu lake kumnyang'anya mzee kitu pekee alichorudi nacho kutoka Dar, lile pambano la haki, nasi tulikuwa tumeshamnyang'anya kila siku, kwa mapenzi. Kofi la tatu la baba mdogo niliona linakuja kutoka mbali kabisa, mkono umenyanyuliwa juu. Sikulikwepa.