Siku Niliyomwimbia Baba Mapasa

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini kwa kuwa mume wangu ameanza kuisimulia vibaya (anasema nilicheza juu ya lori, uongo mtupu, lori sikulipanda), heri niwaambie mwenyewe, mnicheke mara moja tuyamalize.

Wakati ule mji bado unaitwa Elisabethville, sisi tunakaa kambini kwa wafanyakazi wa mgodi, na nyumba tuliyopakana nayo ilikuwa tupu miezi miwili, upande ule kimya, hata jirani wa kugombana naye sina. Siku moja kapita wa kambi, yule aliyekuwa akigawa nyumba, akapita na baiskeli yake na kuniambia bila kushuka: "Mama, kesho Baba Mapasa anaingia mu ile nyumba." Ningemuuliza neno moja tu, leo nisingekuwa na kisa. Sikuuliza. Kwetu sisi watu wa kaskazini mapasa ni mapacha, na Baba Mapasa ni mwanamume aliyezaa mapacha, sasa hapo kuna cha kuuliza?

Na wazazi wa mapacha hawapokelewi kwa njia ya kawaida. Wanaimbiwa matusi, ndiyo, matusi ya kitandani, yale ambayo siku nyingine ukiyatamka mume atakurudisha kwenu, maana mapacha wakipokelewa kimya wanakasirika na kuleta ugonjwa. Na zawadi zinakwenda mbili mbili. Basi nikakusanya wanawake wa barabara yetu (mimi ndiye mwenye sauti, msinibishie), nikatafuta kuku wawili, vikapu viwili vya unga, na vikofia viwili vya watoto nilivyokuwa nimefuma kwa masista. Mume wangu akanionya. Mtihani wa ubatizo nilikuwa nimeshaanguka mara mbili, bila ubatizo ndoa yetu haibarikiwi, na yeye, Mkristo tangu utoto, alikuwa amezuiwa komunyo kwa ajili yangu. Akaniomba nikae kimya mpaka Pasaka, kwa sababu katekista mpya, mwalimu wa dini atakayenitahini, yuko njiani. Nikamjibu kwamba katekista hajafika, na mapacha hawasubiri Pasaka.

Kesho yake lori likafika. Tulikuwa tumejipaka pemba, ule udongo mweupe, uso mzima, mimi mbele. Akashuka bwana mmoja mwenye suti na tai, kitabu kwapani, nikasema moyoni huyu baba anajua heshima ya mapacha, nikafungua koo. Nikaanza na wimbo unaosifu mzigo wa baba, nikaingia ule unaoeleza mama alivyoubeba, tena kwa vitendo, nikamkamata mikono yote miwili nikamzungusha, na mkewe nikamshikisha vile vikofia. Bwana amesimama kama mti. Nikadhani anaona haya. Kumbe naye ni mtu wa kaskazini, neno hata moja halikumpita.

Nikachungulia ndani ya lori: kitanda, meza, picha ya Bikira Maria, hakuna kinacholia. Nikauliza kwa sauti ya shangwe Kyungu iko wapi, Kabange iko wapi (ndiyo majina ya mapacha kwetu, wa kwanza na wa pili).

Akavua kofia. "Mama, Mapasa ni jina ya nkambo, babu yangu, njo ile balinipatia. Batoto, Mungu ayatupatia bado hata moja. Miye njo katekista mupya."

Nilipogeuka nyuma, wanawake wote hawapo. Nimebaki mimi na pemba yangu usoni. Nyimbo zile, sawa, ningezitubu, lakini mkewe alikuwa bado ameshika vile vikofia viwili, anaviangalia, na hapo roho iliniuma kweli.

Asubuhi akaja uani kurudisha kuku na unga, mumewe amemtuma. Nikaanza kuomba msamaha, yeye akacheka mpaka akakaa chini, akasema tangu afunge ndoa miaka sita hajamwona mume wake anatoka jasho namna ile. Kisha akaniuliza katekisimu yangu imefika wapi. Toka siku ile akawa ananifundisha kila asubuhi, na mimi namfundisha maneno ya nyimbo, kwa sauti ya chini. Vikofia hakurudisha, na mimi sikuuliza.

Ikafika siku ya mtihani. Baba Mapasa aliwauliza wengine maswali marefu, mimi akanitazama, akatazama kitabu, akaniuliza amri ya sita inasema nini. Naijua, nawaapieni naijua, lakini mbele ya mtu niliyemwimbia vile sauti iligoma kabisa, na mume wangu nje ya mlango ananitegemea. Baba Mapasa akafunga kitabu polepole.

"Mama, sema tu. Usiimbe."

Nikasema "Usizini", wakacheka wote, akacheka na yeye, na Pasaka nikabatizwa. Lakini tangu hapo nimeapa: mkiniambia Baba fulani anahamia, siwashi hata moto wa chai kabla sijajua hilo ni jina au ni watoto.