Sentimita Mia na Kumi na Tano

Kitu cha kwanza kilichokosekana ni ule mlio. Krrrr, halafu ta! Futi ya chuma ikijirudisha ndani ya kasha lake, mara arobaini kwa siku, kwenye kona ya chumba cha kuchorea karibu na dirisha. Wanafunzi wenzake walikuwa wakiulalamikia. Sasa umekwisha, na wanasema kimya kilichobaki kinawachosha kuliko kelele yenyewe. Meza yake bado iko pale. Kiti chake pia. Hakuna aliyekikalia tangu aondoke, na mama wa usafi anaapa hajawahi kukipangusa, lakini vumbi linalotua kwenye viti vingine vyote halitui pale.

Walimwita Futi. Alikuwa na miaka thelathini na minne alipoanza shahada ya pili ya usanifu majengo, mkubwa kuliko wote darasani. Alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani, na akiwa na miaka sita alishajua kushika ncha ya utepe kwenye bega la mteja bila kumtekenya. Baadaye akawa mchora ramani, miaka kumi na mmoja, katika ofisi ya msanifu ambaye wafanyakazi wake walimwita Bosi Mkubwa, ingawa bosi mdogo hakuwepo. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya fani nyingine kabisa. Chuo kilimpokea kwa sababu ya barua ya Bosi Mkubwa iliyothibitisha uzoefu wake. Barua ikiondoka, na nafasi inaondoka.

Kazi yake pale ofisini ilikuwa kupima majengo ya zamani kabla hayajakarabatiwa. Unapima vyumba vyote kwa ndani, unajumlisha na unene wa kuta, kisha unapima jengo kwa nje. Hesabu mbili zinatakiwa kukutana. Mara nyingi hazikutani. Hupungua vidole viwili hapa, vitatu pale, kwa kuwa kuta za zamani zimepinda. Ofisi ile ilikuwa na dawa yake. Mchoraji akisimama mbele ya meza ya Bosi Mkubwa akikuna kichwa, Bosi alikuwa hainui hata macho.

"Imebaki ngapi?"

"Sentimita tatu, bosi."

"Upe ukuta. Ukuta umelalamika lini?"

Wote wanacheka, ukuta mmoja unanenepa kidogo kwenye karatasi, na kazi inaendelea.

Katika mwaka wake wa sita alitumwa kupima bweni la wauguzi. Lilikuwa jengo refu la chini, vyumba kumi na viwili, na mchana ule wauguzi wote walikuwa kazini. Alipofika chumba cha saba alinasa ncha ya futi kwenye fremu ya mlango, akarudi nyuma taratibu hadi ukuta wa mbali. Ndipo alipouhisi utepe unavutwa. Haukuvutwa kwa nguvu. Ulivutwa kidogo tu, ukanyooka, kama mtu anapokushikia upande wa pili ili akusaidie. Alitazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Aliandika namba haraka na kutoka, na vyumba vilivyobaki alivipima akiwa ameiacha milango wazi.

Ofisini hesabu ziligoma. Hazikupungua vidole vitatu. Zilipungua sentimita mia na kumi na tano, zote kati ya chumba cha saba na cha nane. Dawa yake ilikuwa kurudi na kupima upya, na hilo ndilo hakuliweza. Akaupa ukuta. Ukuta wa tofali moja, wenye sentimita ishirini na tatu, ukawa na mia moja thelathini na nane kwenye karatasi. Bosi Mkubwa alitia saini. Majengo ya zamani yana kuta nene, alisema mtu, na wakaenda kula.

Chuoni mradi wake wa kwanza ulikuwa maktaba ndogo ya mtaa. Mwalimu aliusifu, kisha akaanza kujumlisha vipimo kwa penseli pembeni ya karatasi.

"Hapa kuna kitu kimepotea. Mia na kumi na tano."

Futi aliitambua namba ile. Alichora upya. Mradi wa pili ulikuwa zahanati; aliuhakiki mara tatu, akampa hata jirani yake wa meza auhakiki. Mbele ya mwalimu ukapungua mia na kumi na tano. Wa tatu, shule ya chekechea, aliutengenezea modeli ya kadibodi, kila ukuta ameukata kwa mkono wake. Mwalimu alipoinua paa, wote waliona: kati ya madarasa mawili kulikuwa na mwanya mwembamba, mrefu, usio na mlango.

"Wewe dada, hapo umemjengea nani?" jirani yake alimtania. "Jini naye kajiandikisha chekechea?"

Darasa lilicheka. Futi alicheka nao, akalirudisha paa mahali pake.

Wiki chache baadaye Bosi Mkubwa alimpigia simu akiwa na furaha tele.

"Futi, mwanangu! Ramani yako ya lile bweni imeokota dodo. Wanaongeza ghorofa juu. Mhandisi kaupenda ule ukuta wako mnene, mihimili yote ataiegemeza pale. Wiki ijayo wanaanza."

"Bosi," alisema, "ule ukuta sikuupima."

"Nani anapima ukuta?"

"Nilijaza tu. Zilikuwa mia na kumi na tano, nikazijaza. Sijui mle ndani kuna nini."

Bosi Mkubwa hakuwa na sauti ya furaha tena.

"Sikiliza. Ukimwambia mhandisi maneno hayo, umemwambia ofisi yangu inapika ramani. Siku hiyohiyo barua yangu chuoni naiondoa. Umebakiza miezi minne. Fikiri."

Alifikiri akiwa ameketi kwenye kigoda cha wateja katika chumba cha ushonaji cha shangazi yake, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Alimweleza yote, hata ule utepe uliovutwa. Shangazi hakusimamisha cherehani.

"Mimi nikikosea," alisema, "mteja ananirudia na gauni mkononi, ananitukana mbele za watu, nalifumua. Hao wako wanaolala chini ya mihimili, watakurudia na nini?"

"Shangazi, nitafukuzwa."

"Nimesikia. Nipe huo mkasi."

Alimpigia mhandisi kabla hajatoka mle ndani.

Walikutana bwenini saa tatu asubuhi: mhandisi, fundi mwashi na nyundo yake, Futi, na matroni wa bweni, mwanamke mfupi mwenye funguo kiunoni. Katika chumba cha saba kitanda kilikuwa kimesogezwa mbali na ukuta.

"Wasichana hawataki kuuegemea," matroni alisema. "Wanasema una ubaridi. Walipita hapa mabwana wangapi nikawaambia, wakanicheka."

Fundi aligonga, tofali likaitika kama debe tupu. Aling'oa matofali sita. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi, haina harufu yoyote. Mhandisi alimulika kwa simu. Kilikuwa chumba chembamba kama ujia, bila mlango wala dirisha, sakafu imefunikwa na vumbi zito lisilo na alama ya unyayo. Katikati palikuwa na kiti cha mbao, kimewaelekea wao. Kiti hakikuwa na vumbi.

"Nani aliingia humu?" mhandisi aliuliza.

"Kwa mlango upi, mkuu?" fundi alijibu, akarudi nyuma hatua mbili.

Hakuna aliyetaka kupima. Futi alitoa futi yake, akapitisha mkono kwenye tundu na kuusukuma utepe hadi ukuta wa pili. Ukanyooka. Ukavutwa kidogo, kwa upole uleule. Safari hii hakuuachia. Alisoma kwa sauti, "Tisini na mbili," na akaendelea kuushika hadi upande wa pili ulipolegea wenyewe. Hewa sentimita tisini na mbili, tofali la pili ishirini na tatu. Matroni, aliyekuwa akihesabu kwa vidole, ndiye aliyetamka jumla.

Mhandisi alizima simu yake na kusema ghorofa haipandi pale. Kuta mbili nyembamba zenye uwazi katikati zisingebeba mihimili hata mwezi mmoja.

Bosi Mkubwa alitimiza neno. Barua iliondolewa Ijumaa, na Jumatatu chuo kikamwandikia Futi kwamba nafasi yake imefutwa. Alikuja kuchukua rula na penseli zake. Modeli ya chekechea aliiacha kwenye rafu. Baada ya siku chache mwalimu aliishusha, akaipima nje, akaipima ndani. Hesabu zilikutana. Akainua paa: madarasa mawili, ukuta mmoja katikati. Aliirudisha palepale, na tangu hapo hajairuhusu iguswe.

Futi yuko halmashauri, idara ya vibali vya ujenzi, meza ya pili kutoka mlangoni. Anapima majengo ya zamani.