Mate na Makohozi

Sogea karibu unisikilize, nikueleze polepole. Jambo hili niliwahi kulieleza vibaya, na nilidhani nalieleza kwa wema.

Wakati wa vita vya shifta, serikali ya Kenya ilipopigana na waasi wa Kisomali, nilikuwa mpimaji wa maabara katika zahanati ndogo ya Garissa, hatua chache kutoka Mto Tana. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza, hadubini, taa ya spiriti na chupa za rangi. Jenereta halikuwa na mafuta, kwa hiyo niliigeuza hadubini dirishani ili kioo chake kinase mwanga wa jua.

Kazi niliyoipenda ni kupima kifua kikuu. Unapaka makohozi ya mgonjwa juu ya kipande cha kioo, unayakausha, unayamwagia rangi nyekundu na kuyapasha moto mpaka yatoe mvuke. Halafu unaosha kwa asidi. Asidi huondoa wekundu kwenye kila kitu isipokuwa kwenye vijidudu vya kifua kikuu, kwa kuwa vina ngozi kama ya nta. Mwisho unaongeza rangi ya samawati, unachungulia. Ugonjwa ukiwapo, utaona vijiti vyekundu, vyembamba kama nyuzi. Kabla ya kuandika kwamba havipo, nilipitia sehemu mia moja za kioo, nikihamisha punje ya mahindi kutoka kopo moja hadi jingine kwa kila sehemu, nisipoteze hesabu. Unaona? Si uchawi. Ni subira tu.

Asubuhi moja alikuja mfugaji mmoja Msomali, mtu mzima, akikohoa, kutoka kijiji cha seng'enge. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji ndani ya vijiji vya namna hiyo, na mifugo yao mingi ilikuwa imekwisha. Alikuja na binti yake, aliyebeba mtoto mchanga mgongoni. Cheti chao cha kutoka kilikuwa cha siku hiyo moja.

Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, kama vijana wa pale walivyowaita watu wa rika lake. Nikampa kopo lenye kifuniko.

"Adeer, nenda nje, unitilie mate humu."

Nilisema mate kwa makusudi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na neno makohozi niliona litamtatiza. Nilitaka kumrahisishia.

Akaligeuzageuza kopo. "Ngamia mmechukua. Mbuzi mmechukua. Sasa mate bia?" Kinywani mwake "pia" ilikuwa "bia."

"Mate tu, adeer. Hatuchukui kingine."

"Wallahi, hii serikali iko na kiu sana!"

Binti yake akaficha kicheko kwenye shungi. Na mimi nikacheka.

Nilipochungulia, sikuona kijiti hata kimoja. Niliona chembe pana zenye doa katikati, kama mayai ya kukaanga. Ni chembe za ngozi ya ndani ya shavu. Nilizijua, nilikuwa nimefundishwa kwamba zikijaa kiooni, kilichomo ni mate ya kinywani, si kitu cha kifuani. Lakini nilikuwa nahesabu. Nikamaliza mia moja, nikaongeza mia nyingine ili niwe na hakika zaidi. Nikaandika: Hakuna. Akapewa dawa ya kikohozi, akarudi kulala na wanawe na wajukuu ndani ya seng'enge.

Barabara ikafungwa, mvua zikanyesha, zikaisha. Siku ilipofunguliwa alikuja yule binti, peke yake na mtoto. Alikuwa anakohoa.

"Baba yuko wapi?" nikamuuliza.

"Tulizika. Wewe uliandika hana."

"Sikuona kitu kwenye mate yake, dada."

"Ndiyo, mate. Ile chafu alikohoa kwa mchanga, akafukia na mguu. Akafuta mdomo, ndio akaweka mate safi kwa kobo yako." Alinitazama bila hasira. "Wewe ulisema mate. Angekuwekea uchafu kwa nini?"

Nilimwita mfagiaji, mtu wa hapo hapo, nikamuuliza kile kizito kitokacho kifuani kinaitwaje Kisomali. Akasema, "Xaako." Neno fupi kuliko lile la kwangu, na miezi yote ile alikuwa akifagia hatua tatu kutoka mezani kwangu.

Kwenye makohozi ya binti niliviona vijiti katika sehemu ya tatu. Punje tatu za mahindi. Mtoto mgongoni mwake alikuwa na joto, akihema haraka. Matibabu yalihitaji sindano za kila siku kwa miezi, na cheti chake kilikuwa cha siku moja. Nilimwomba askari wa kizuizi cha barabarani amwongezee siku. Hakunitazama hata usoni. Binti alichomwa sindano moja, akapewa vidonge tulivyokuwa navyo, wakaondoka. Sikuwaona tena, na sijidanganyi juu ya kilichowapata.

Basi, ukipewa kopo siku moja, fanya hivi. Toka nje penye hewa. Sukutua kinywa kwa maji. Vuta pumzi ndefu mara tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, uteme ndani ya kopo. Tazama ulichotoa: kikiwa chepesi kama maji, chenye povu, hayo ni mate. Yamwage, uanze tena.