Aliyekunywa Maji ya Namba Tisa

Mume wangu ni mtu mzima, ana mvi mpaka kwenye nyusi, na kwa wiki tatu nzima alikuwa ananyonya chupa ya panya. Nasema mapema ili msije mkaniuliza nilivumilia vipi.

Kazi yake ilikuwa kuwatunza panya kumi na wawili wa maabara. Daktari, bosi wake, alikuwa anachunguza serotonini, kemikali ya ubongoni, na vipokezi vinavyoipokea. Kuna vipokezi vikiguswa, panya anafakamia maji hata kama tumbo limejaa ndi. Vikizibwa kwa dawa, chupa haimhusu. Asubuhi Daktari anachoma sindano; adhuhuri mume wangu anapima uzito wa kila chupa na kuandika nani kanywa kiasi gani.

Namba Tisa ndiye aliyezibwa. Huruma ikamtafuna mume wangu. Akaamua kwamba panya yule hajui tu, anahitaji kuonyeshwa. Basi anapiga magoti mbele ya kizimba, anachomoa chupa, anapiga mafunda mawili, anairudisha. Jioni dawa ikiisha nguvu, Tisa anakunywa mwenyewe, na bwana mkubwa anarudi nyumbani kifua mbele, eti mwanafunzi kaelewa somo.

Na chupa aliipima kwa uaminifu! Kwenye daftari, panya asiyetakiwa kunywa akawa anawashinda wote. Daktari akaona utafiti wa miaka sita unakwenda na maji, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Mume wangu akashindwa kuvumilia.

"Daktari, aliyekunywa ni mimi."

Daktari akafuta machozi, akacheka, akamkumbatia, kisha akamhamishia getini. Marufuku kuwagusa panya tena.

Alirudi amenyong'onyea. Siku mbili hakuna chai, hakuna maji, na jua lile. Midomo ikapasuka. Nikabembeleza, nikafoka, nikamwita majina yote ninayoyajua. Wapi! Anauliza tu nani atamwonyesha Tisa. Hapo niliogopa kweli, maana mume ninaye huyu huyu mmoja.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, mimi na magoti yangu haya mabovu, nikachukua glasi yake, nikapiga mafunda mawili, nikamrudishia.

Akaniangalia. Akainywa yote mpaka tone la mwisho.

"Unaona, mama watoto?" akasema, akijifuta mdomo. "Kiu inafundishika."