Saa ya Kaya

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa kwamba itapoa.

Mimi ni mtu wa Koboko, Uganda. Kazi yangu iko Oraba, mpakani, katika ofisi ya wakala wa forodha: napokea hati za malori yanayovuka kwenda Kaya, upande wa Sudan Kusini, na kuwaambia madereva wasubiri. Kati ya lori na lori nilisoma chuo kikuu kwa simu. Chuo chenyewe kiko Kampala, na kinamruhusu mwanafunzi wa mtandaoni kuchanganya masomo. Muhula ule nilichukua manne: sayansi ya udongo, takwimu, falsafa ya maadili na historia ya Afrika Mashariki.

Mchanganyiko huo uliwakera watu. Unasomea kuwa nani, waliniuliza. Shangazi yangu wa Arua alinitupia methali, kwamba mshika mbili moja humponyoka, sembuse manne. Jamani, mtu anauza maharage, nguo na vocha kwenye kibanda kimoja na hakuna anayemuuliza kitu. Mimi nikiujua udongo wa Dadamu, ambako mama yangu analima, na nikajua pia nani aliyechora mpaka, nimekosa nini?

Historia niliipenda kuliko yote. Humo nilisoma kwamba West Nile, eneo letu hili lenye Koboko na Arua, ilishikwa na Wabelgiji wa Kongo, ikahamishiwa Sudan, kisha ikatiwa Uganda, na muda wote huo babu zetu walikuwa wanapalilia mtama palepale. Siku nilipoisoma nilicheka peke yangu ofisini.

Sheria ya chuo ni kali: ukikosa mtihani mmoja, muhula mzima unafutwa. Mtihani wa historia ulifunguliwa saa nne asubuhi, na baada ya nusu saa haukumpokea mtu. Siku hiyo bosi aliniruhusu nikae nyuma ya ofisi, kwenye kivuli cha kontena bovu. Mtandao wa Uganda ulikuwa umekatika tangu alfajiri, lakini sikubabaika. Hapa kwetu simu ina laini mbili, ya Uganda na ya Kaya. Moja ikilala unaamsha nyingine. Nikawasha ya Kaya, mtandao ukaja vizuri kabisa. Simu ilionyesha saa tatu na ushei, nikaona bora nirudie sura ya mwisho.

Akaja dereva mmoja Mkongo aliyekuwa anangoja hati zake.

"Dada, ni saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Ya huku ao ya Kaya?"

Hilo ni swali la kila siku Oraba, kwa sababu saa ya Kaya iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, na ukiwasha laini ya kule simu inairudisha bila kukuomba ruhusa. Mimi mwenyewe huwauliza madereva hivyohivyo. Asubuhi ile, kichwa kimejaa Wabelgiji, sikukumbuka. Nilifungua ukurasa wa mtihani. Ulikuwa umeshafungwa. Dereva alikuwa bado amesimama pale, anangoja jibu.

Niliandikia ofisi ya mitihani nikaeleza yote. Wangeniita mzembe ningekubali. Jibu lao lilisema kwamba mitambo yao inaonyesha nilikuwa Sudan Kusini, na mwanafunzi aliye nje ya nchi lazima aombe kibali mapema. Ningepewa mtihani wa marudio nikisharejea Uganda. La sivyo, masomo yote manne yamekwenda. Nikapiga simu. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichoma. Aliniuliza, kwa nia njema kabisa, Koboko iko sehemu gani ya Sudan.

Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu. Nilipomsimulia aliweka chini kikombe cha chai.

"Mimi nilibeba bunduki ya hii Uganda mpaka mgongo iliharibika," alisema. "Watu ya Kampala inatuita Wasudani tangu zamani. Sasa hata simu inasema hivyo?"

"Simu haina makosa, Baba."

"Basi nani iko na makosa?"

Nilimwongezea chai, maana ningefungua mdomo ningetukana, na mbele ya baba hutukani.

Nilikwenda Arua kwa shangazi, mtaa wa Ediofe, ambako mtandao wa Kaya haufiki, na laini ya Kaya nikamwachia baba. Shangazi alinipangusia meza, akafukuza kuku sebuleni, na methali yake hakuigusa. Nilipoingia kwenye mtihani ulitangulia ujumbe wa ofisi: asante kwa kurejea nchini. Niliusoma mara mbili. Nilikuwa nimepanda gari kutoka Uganda mpaka Uganda, na sasa nakaribishwa kama mkimbizi. Nilitamani kuitupa simu ukutani.

Swali la kwanza lilitaka tueleze jinsi West Nile ilivyoingia Uganda. Nililijibu kwa hasira, kwa kirefu, na nikamalizia kwa kuandika kwamba babu zetu hawakuhama.

Nilifaulu masomo yote manne. Nilimpelekea baba matokeo, akayasoma polepole akiwa ameyaweka mbali na macho, kisha akanirudishia simu.

"Sasa wanajua Koboko iko wapi?"