Alivyoimbiwa Mama wa Rombo

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja mjini Moshi, enzi za Mwingereza, mume wangu alipokaribia kulia mbele za watu. Baba Anjela ametangulia, Mungu amrehemu, lakini asubuhi ile bado hunichekesha peke yangu jikoni.

Alipiga gitaa barabarani, kati ya stesheni na soko, tangu tulipooana hadi nywele zikawa nyeupe. Hakuwa na maneno ya kukariri. Alimtazama anayepita, akajua kwa mzigo wake na alivyojifunga kanga ametoka upande gani wa mlima, akamsalimu kwa kuimba. Wa Kibosho aliimbiwa kwa lugha ya Kibosho, wa Marangu kwa ya Marangu. Watu walicheka, wakamwachia ndizi, tukala.

Uzeeni ndipo akaja bwana mmoja kutoka Nairobi, mwenye mashine ya kunasa nyimbo za santuri. Alikodi chumba nyuma ya duka, akafunga madirisha na kuziba nyufa kwa magunia, kelele zisiingie. Mchana angeondoka na treni, na hakuahidi kurudi.

Baba Anjela akapiga gitaa vizuri, ila mdomo ukakataa. Akaanza tena, akanyamaza.

"Mzee, imba!"

"Nimwimbie nani, bwana? Ukuta?"

"Imba kama unavyoimba nje."

"Nje kuna watu. Hapa kuna magunia."

Shemeji yangu aliyetusindikiza akaninong'oneza, "Mkaripie, mama. Atatuaibisha huyu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikaona machozi yanamlengalenga, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na macho yake yanatafuta mlangoni kama anayengoja mtu apite. Nikavua viatu visilie sakafuni, nikajitwika mkungu wa ndizi tuliokuja nao kama zawadi ya mgeni, nikapita mbele yake polepole, kama mama anayekwenda sokoni.

Akanitazama. Uso ukachangamka. "Shimbonyi, mama wa Machame!" akaimba salamu ya Wachaga, na mashine ikazunguka. Nikatoka, nikajifunga kanga vingine, nikarudi kama mama wa Rombo. Mara ya mwisho nilichechemea kama bibi wa Kilema, na yule bwana akauma leso asije akacheka.

Santuri ile ilipigwa katika mikahawa ya mji wote, hata Holili mpakani. Watu walishuka mlimani kuja kumwona tu. Warombo walibishana na Wamachame nani kasalimiwa vizuri zaidi, nami, niliyekuwa mama wa pande zote mbili, nilimenya ndizi zangu.

Mwanangu, utamkuta mwenzako amekwama katika kazi anayoiweza. Usimkaripie, wala usimnyang'anye kazi yake. Tazama ni kitu gani alichokizoea ambacho hakipo, umpelekee, hata watu wakikuona huna akili.

Mungu akupe mwenza wa kucheka naye mpaka uzeeni, na atakapotangulia mmoja wenu, anayebaki abaki na kicheko.